Chembe ya Higgs na mwisho wa ulimwengu

Swali: Nimesoma kwamba chembe ya Higgs huenda ikaamua mwisho wa ulimwengu. Kitu kidogo kuliko atomu kinapataje uwezo huo? Na je, mitambo ya kugonganisha chembe inaweza kuuanzisha mwisho huo kwa bahati mbaya?

Jibu: Chembe yenyewe, ambayo kugunduliwa kwake kulitangazwa CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya, tarehe 4 Julai 2012, huvunjika mara tu inapozalishwa. Kinachohusika hasa ni uga wa Higgs, yaani kitu kisichoonekana chenye thamani fulani katika kila nukta ya anga, kilichoenea kila mahali, hata katika ombwe lisilo na atomu hata moja. Chembe hiyo ni mtikisiko wa uga huo. Elektroni hupata masi yake kutokana na uga huu, na kwa kuwa ukubwa wa atomu hutegemea masi ya elektroni, thamani ya uga ikibadilika, kemia yote nayo hubadilika.

Hapo ndipo penye suala lenyewe: je, thamani ya sasa ndiyo yenye nishati ya chini kuliko zote? Huenda uga umetulia kama jiwe lililokwama kwenye kibonde cha mlimani, huku bonde lenye kina zaidi likiwa ng'ambo ya kilima. Jibu linategemea zaidi vipimo viwili, yaani masi ya chembe ya Higgs, ambayo ni kama mara 133 ya masi ya protoni, na ya kwaki topu, ambayo ni kama mara 184. Kwaki topu, chembe ya msingi iliyogunduliwa katika maabara ya Fermilab, Marekani, mwaka 1995, huathiriana na uga huu kwa nguvu kuliko chembe nyingine zote tuzijuazo, na ndiyo inayolichimba lile bonde la pili. Kwa vipimo tulivyo navyo, hesabu zinaelekea kwenye kibonde cha mlimani. Lakini kwaki topu ingekuwa nyepesi kwa asilimia 1 hivi, zingeonyesha uthabiti kamili. Inanistaajabisha kila mara kwamba swali kubwa kiasi hiki linaning'inia kwenye tofauti ndogo hivyo, tena ya chembe ambayo hatuipimi ila kwa kukusanya mabaki yake.

Kanuni za kwantamu, zinazotawala vitu vidogo mno, huruhusu uga kupenya kilima bila kukipanda. Hilo likitokea mahali pamoja, kiputo cha ombwe jipya kitatanuka kwa kasi inayokaribia ya nuru, na ndani yake atomu tuzijuazo hazitakuwepo. Hata hivyo, muda unaokadiriwa kupita kabla ya hapo unazidi mno umri wa ulimwengu, ambao ni miaka bilioni 13.8. Aidha, hesabu hizo huchukulia kwamba hakuna chembe nzito tusizozijua, dhana ambayo mimi naiona dhaifu, kwa sababu mata giza, ile isiyoonekana ila hutambulika kwa mvutano wake, inaashiria kwamba orodha yetu haijakamilika.

Kuhusu mitambo, ondoa hofu. Miali ya kosmiki, yaani chembe zenye kasi kubwa zitokazo angani, imekuwa ikigonga angahewa ya dunia kwa mabilioni ya miaka, na baadhi ya migongano hiyo ina nishati kubwa kuliko yoyote inayozalishwa CERN; kama migongano ya aina hiyo ingeweza kuanzisha kiputo, ingekuwa imekwisha kufanya hivyo.