Maswali na majibu: Dawa ya uvimbe iliyofaulu kwa panya

Shikamoo daktari. Nimesoma kwamba majani ya mlonge yamepunguza uvimbe kwa panya. Goti langu limevimba mwaka wa tatu sasa. Ninywe vijiko vingapi?

Marahaba, na pole. Swali hili huja kila mara, linabadilika mmea tu. Panya hao hunyweshwa dondoo la mmea kwanza, na baada ya kama saa moja ndipo huchomwa chini ya unyayo mililita 0.1 ya karagenani ya asilimia 1, kitu kitokacho kwenye mwani ambacho huleta uvimbe. Uvimbe hufuatiliwa saa nne au tano, basi. Kinachopimwa ni kuzuia uvimbe ambao haujaanza; wako una miaka mitatu. Halafu kuna kipimo. Miligramu 200 kwa kilo ya panya, ukigawa kwa 6.2 kama inavyofanywa kukadiria kwa binadamu, ni karibu gramu 2 za dondoo kavu kwa mtu wa kilo 60. Ikiwa gramu 10 za majani makavu zilitoa gramu 1 ya dondoo, hapo unazungumzia gramu 20 za majani kwa dozi moja, tena mara nyingi yaliyolowekwa kwenye ethanoli, si kwenye chai. Hakuna kijiko nitakachokutajia. Kapimwe: gauti, kifua kikuu cha mifupa na kusagika kwa gegedu havina dawa moja.

Mimi napima dondoo kwa panya. Naweza kutokuwa na kundi la panya wa kulinganishia wanaopewa indometasini, dawa ya uvimbe ya hospitali? Dawa ni ghali.

Hapana. Wala usiache kundi linalopewa kiyeyushi kitupu, yaani kimiminika cha kuchanganyia bila dondoo.

Dondoo langu lilipunguza uvimbe saa ya kwanza, saa ya tatu likashindwa. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea. Saa za mwanzo uvimbe huendeshwa na kemikali za mwili ziitwazo histamini na serotonini. Kuanzia saa ya tatu hivi kemikali nyingine, prostaglandini, ndizo zinazotawala, na hapo ndipo kazi ya indometasini huonekana. Andika saa zote. Atakayekushauri utangaze ya kwanza peke yake, mkatalie. Ila kagua mikono yenu: je, kila panya alichorwa alama ya wino kwenye kifundo, na mguu ukazamishwa kwenye maji ya kifaa cha kupima uvimbe hadi alama hiyo kila mara? Na anayesoma kifaa asijue panya ni wa kundi gani. Milimita mbili za kuzamisha zaidi hukupa matokeo ya uongo.

Karagenani inatoka kwenye mwani wetu wa Zanzibar?

Mwani wa kottonii hutoa karagenani aina ya kapa na wa spinosamu hutoa aina ya ayota. Aina ya lambda, inayopendwa kwenye kipimo hiki cha panya, hutoka mwani wa jamii nyingine.

Mmea niliuziwa sokoni, nina jina la kienyeji tu. Nianze?

Usianze! Jina moja la kienyeji hubeba mimea tofauti ukivuka wilaya. Peleka tawi lenye maua au matunda kwenye hebaria (hazina ya mimea iliyokaushwa), iwe ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, litambuliwe na kupewa namba. Panya watachomwa sindano inayouma na mwishowe watauawa. Kuwatesa kwa mmea usioujua hakuna utetezi, na kamati ya maadili isikupitishe.

Bibi anatumia unga wa mitishamba wa mguu. Maumivu huisha siku hiyohiyo, ila uso umemvimba.

Hili ni la haraka. Nchi nyingi zimekamata dawa "za asili" zilizochanganywa kwa siri na dawa za hospitali: steroidi kama deksamethasoni na prednisoloni, au diklofenaki ya maumivu, na uso kujaa ni dalili ya steroidi. Mpeleke hospitali leo pamoja na pakiti, apimwe sukari na presha. Msimwachishe ghafla nyumbani: mwili uliozoea steroidi ukikatiziwa unaweza kuzimia, hata kufa.