Mbwa Akikatwa Taya, Ataishije?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mbwa wetu ana miaka 10. Hivi karibuni mate yake yamekuwa na damu na kinywa kinanuka. Tulipomfunua tukakuta uvimbe kwenye ufizi wa chini, nyuma ya chonge. Daktari wa mifugo anashuku saratani na anasema huenda sehemu ya taya ikakatwa. Mume wangu aona ni kumtesa bure, afadhali uvimbe uondolewe peke yake. Tushike lipi? – Msomaji, Tudor, Mombasa.

JIBU: Marahaba. Huruma ya mume wako naielewa, lakini kuondoa uvimbe peke yake ndiko kutakakomtesa mbwa. Saratani nyingi za ufizi hupenya hadi kwenye mfupa unaoshika meno, hivyo uvimbe ukinyolewa juu juu hurudi, na operesheni ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza. Ndiyo sababu hukatwa pamoja na mfupa ulio chini yake na ukingo wa nyama yenye afya unaouzunguka, sentimita 1 hadi 2 kwa kutegemea aina yake.

Aina hiyo ndiyo ya kujua kwanza, kwa kipande kidogo kupelekwa maabara. Ameloblastoma, uvimbe unaotokana na chembe zinazounda meno, hula mfupa lakini haisambai mwilini, na ikiondolewa yote mbwa kwa kawaida hupona. Melanoma, saratani ya chembe zinazotengeneza rangi ya mwili, ambayo si lazima iwe nyeusi, hukimbilia tezi za chini ya taya na mapafu. Kwa hiyo tezi zichunguzwe kwa sindano hata kama hazijavimba, na kifua kipigwe eksirei. Ikikutwa mapafuni, mimi nisingeshauri taya likatwe kwa tamaa ya kumponya.

Kuhusu kula, msihofu mno. Wengi huanza kula baada ya siku moja au mbili, wakipewa dawa za maumivu na chakula laini, kama wali uliopondwa na nyama ya kusaga. Ulimi huenda ukaning'inia upande uliokatwa na mate yakachuruzika. Mifupa na vijiti asipewe mpaka kidonda kipone, na kola ya plastiki isivuliwe shingoni, kwa sababu ukucha mmoja unatosha kufumua nyuzi.

Mwulizeni daktari wenu kama operesheni hii ameizoea. Kama sivyo, awape rufaa, kwa mfano kwa madaktari wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete. Uvimbe usiozidi sentimita 2 hukatika vizuri zaidi, basi msisubiri ukue.