Mnaoanza kutumia takwimu za kale za forodha: yaliyoingia Tanganyika yalihesabiwaje?

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa historia ya uchumi, nawaona wengi mkitoka Nyaraka za Taifa pale Upanga na simu zilizojaa picha za majedwali ya biashara ya Tanganyika, tayari kuchora grafu. Nawaomba msubiri kidogo. Majedwali yale yaliandikwa na idara ya forodha, na forodha ilihesabu ili itoze ushuru. Kilichosamehewa ushuru kiliweza kuandikwa kijuujuu, na kilichoshuka kwa jahazi mahali pasipo na karani hakikuandikwa kabisa. Kwa hiyo ulizeni kwanza: mzigo huu ulihesabiwa kwenye mlango gani?

Swali hilo lina uzito kuliko yote nitakayoyataja. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha mwaka 1917, Tanganyika ikaingia hatua kwa hatua hadi 1927, na mwaka 1949 idara zenyewe zikawa moja. Sasa fikirieni shehena ya Moshi au Arusha iliyoshushwa Mombasa na kupanda reli kupitia Voi. Ikiwa imeandikiwa Tanganyika tangu bandarini, mtaikuta kwenye uagizaji wa Tanganyika. Ikiwa imelipiwa ushuru Kenya, ikakaa ghalani Nairobi, kisha mfanyabiashara wa Arusha akainunua huko, mtaikuta kwenye jedwali la bidhaa zilizohamishwa kati ya nchi na nchi, kama ilinukuliwa. Mtu anayesoma jedwali la uagizaji peke yake anaweza kusema watu wa kaskazini walinunua kidogo, kumbe waliuziwa na Nairobi. Kinyume chake, mizigo ya Kongo ya Wabelgiji ilipita Dar es Salaam na Kigoma chini ya mkataba wa Uingereza na Ubelgiji wa 1921. Hiyo ilikuwa ya kupita tu, msiitie kwenye matumizi ya Tanganyika.

Angalieni pia safu ya nchi. Je, ni nchi bidhaa ilikotengenezwa au ilikopakiwa mara ya mwisho? Nguo iliyofumwa Uingereza au India ikapitia maghala ya Zanzibar inaweza kuonekana imetoka Zanzibar. Maelezo ya jambo hili huwa kwenye dibaji au tanbihi, kurasa ambazo wengi hawazipigi picha. Zipigeni.

Halafu kuna wingi na thamani. Chukueni zote mbili kila mara. Mfano wangu mkubwa ni nguo za pamba za miaka ya 1930. Bei zilianguka duniani kote, na nguo za Japani ziliingia kwa wingi kwa sababu mikataba ya Bonde la Kongo, ya Berlin 1885 na Saint-Germain 1919, ilizizuia serikali za Afrika Mashariki kuitoza Japani ushuru mkubwa kuliko wa wengine. Mkisoma pauni tu, mtadhani wanakijiji waliacha kuvaa. Someni yadi, tena mtenganishe merikani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi), nguo zilizotiwa rangi na zilizochapwa, ndipo mtaona mnunuzi alihama kutoka nguo ipi kwenda ipi. Hapo ndipo takwimu zinapoanza kuwazungumzia watu, na ndiyo sababu naipenda kazi hii.

Fedha nayo ni mtego. Kwenye taarifa za enzi ya Wajerumani mtakutana na maki na rupia. Zanzibar ilibaki na rupia hadi 1936. Pauni za ripoti za baadaye zilikuwa shilingi 20 za hapa, na Novemba 1967 Uingereza iliposhusha thamani ya pauni yake, shilingi zetu hazikuifuata, kwa hiyo tangu hapo pauni ya shilingi 20 haikuwa sawa tena na pauni ya Uingereza. Mwaka wa hesabu nao haukuwa mmoja siku zote: taarifa za mwanzo za Waingereza Kenya zinaanza Aprili na kuishia Machi.

Mkiona uagizaji umepanda ghafla, msikimbilie kusema maisha yaliboreka. Kati ya 1947 na 1951 Waingereza walileta matrekta na mitambo kwa ajili ya mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mradi ukafa, lakini thamani ya mitambo ile imo kwenye jumla ya miaka hiyo. Tenganisheni mitambo na vitu vya dukani kama nguo, sukari na mafuta ya taa.

Kwa kulinganisha, tafuteni takwimu za mauzo ya nje za Uingereza kwenda Tanganyika. Hazitalingana na zetu, na hazipaswi kulingana: wao walihesabu bei ya bandari ya kupakia, sisi tulijumlisha nauli na bima hadi bandari ya kushushia. Tofauti ndogo isiyobadilika ni ya kawaida. Inayoruka mwaka mmoja ndiyo ya kufuatilia.

Anzeni na bidhaa moja. Mimi huwashauri majembe, kwa kuwa yalihitajika karibu kila kaya ya wakulima. Nakilini jedwali zima pamoja na kipimo, namba ya ukurasa na tanbihi. Ripoti ya mwaka unaofuata ikiwa imerekebisha namba, wekeni zote mbili, kila moja na chanzo chake. Na penye kistari, msijaze sifuri kabla hamjasoma dibaji inasema kistari kina maana gani. Pengine bidhaa ile mwaka huo iliingizwa tu kwenye kundi la "nyinginezo".