Pilau Si Sweet: Maswali Yenu ya Wiki Hii

Wiki hii mmenivamia na neno moja tu. Kila nikifungua simu ni sweet, sweet, sweet, nahisi kuna darasa mahali mwalimu kawapa kazi ya nyumbani nyinyi mkaona muniletee mimi. Haya, nimechagua machache.

Maalim, sweet maana yake nini? (Kisauni)

Tamu. Hili nishalijibu mara tatu, ukiuliza tena nitakujibu kwa Kireno.

Shikamoo Maalim. Nafanya kazi ya hoteli, mdosi kanikataza kuwaambia wageni "the pilau is sweet". Kwani pilau yetu si tamu? (Mwembe Tayari)

Marahaba. Pilau ni tamu wallahi, tena ikiwa ya harusi imepikwa kwa kuni ukakuta na ukoko wake chini. Ila si sweet. Tamu yetu ni kubwa kuliko sweet, sisi tamu yetu yabeba sukari, yabeba nyama iliyokolea chumvi na bizari, yabeba usingizi wa mchana, hadithi, sauti ya mtu, kila kitu. Sweet ya Mwingereza ikiingia kwenye sahani yakaa kwa sukari tu: asali, embe dodo, kaimati, halua. Ukimwambia pilau ni sweet yeye amesikia mmetia sukari.

Yalinipata mimi mwenyewe nikiwa kijana, nilikuwa weita hoteli moja huko ufuoni, nikamsifia mama mmoja wa Uingereza samaki wa kupaka, nikamwambia madam it is very sweet, nikarudia na kurudia nikidhani nafanya biashara. Yule mama akakunja uso akaagiza chipsi kavu. Samaki mzima wa tui zito la nazi akaliwa na sisi jikoni, kwa hivyo sikupata hasara sana, lakini somo nililipata.

Sema tasty, sema nice, na kama wataka kumpandisha mpishi daraja sema delicious. Na usiweke very mbele ya delicious, wenye lugha yao wengi wahisi hiyo delicious ishafika kileleni, wakitaka kuzidisha husema absolutely delicious.

Najua kuna watakaonijibu ati hicho ndo Kiingereza cha Kenya, nyama ni sweet na twaelewana. Kweli twaelewana, sisi kwa sisi, piga sweet yako hapo Makupa mpaka alfajiri hakuna atakayekuuliza. Lakini huyo mgeni hajazaliwa Makupa. Shida yenu si hili neno, shida ni hii tabia ya kuchukua neno la Kiswahili ukalitafutia pacha kwenye simu, neno kwa neno, kama mtu anayebadilisha dola, halafu ukaenda nalo kila mahali.

Na kwa wanaopenda asili ya maneno: Wagujarati wetu ladha huiita swad, na hiyo swad ni ndugu wa mbali wa sweet, shina lao ni moja la kale, Sanskriti, lugha ya kale ya Wahindi, yasema svadu. Kwa hivyo zamani hizo neno lilikuwa karibu na tamu yetu. Limesinyaa njiani.

Ni sweeter au more sweet? Nataka kuandika chakula tamu zaidi kwa Kiingereza. (Changamwe)

Sweeter, halafu sweetest. Lakini simama hapo hapo. Umeandika "chakula tamu"! Unahangaika na Kiingereza cha watu na Kiswahili chako umekiacha uchi barabarani. Chakula KItamu, embe tamu, maembe MAtamu, uji Mtamu, chai tamu. Mtu wa pwani akiandika chakula tamu mimi kichwa chaniuma, na siku hizi nazisoma mpaka kwenye mabango ya mahoteli ya hapa hapa mjini. Na chakula chenyewe kama ni wali na mchuzi, rudi juu kwa swali la pilau.

Nataka kumwambia msichana she is sweet, si sawa? (Likoni)

Kwa Kiingereza sawa, maana yake ni mpole, ana roho nzuri. Akikufanyia wema wasema that's sweet of you. Hatari ni ukitafsiri. Mwambie binti wa mtu kwa Kiswahili wewe ni mtamu halafu babake asikie, feri ya kukukimbiza kutoka Likoni itakuwa polepole siku hiyo. Na bosi wako wa kike usimwambie sweet kwa lugha yoyote.

Supavaiza alinituma "swiit" ya juu nikapeleke taulo, mimi nikadhani anataka peremende. Nimechekwa wiki nzima. (Bamburi)

Pole mwanangu, kosa si lako, ni la Kiingereza na tahajia yake. Suite, yaani vyumba vya hoteli vilivyoungana, yatamkwa sawasawa kabisa na sweet. Si suti, suti ni ya kuvaa. Na sweat ni jasho, hiyo yatamkwa fupi, swet. Kuna mtu alikwenda intavyu akasema I love to sweat for my guests, sijui alikusudia lipi.

Je sweetbread ni mkate mtamu? Nimeiona kwenye menyu, agenti ananitafutia kazi ya jikoni melini. (Majengo)

La. Ni nyama, tezi ya shingoni au kongosho la ndama au mwanakondoo. Sweetmeat nayo si nyama, ni vitu kama halua, maana zamani meat kwao ilikuwa chakula chochote. Kwa hivyo mkate wao ni nyama na nyama yao ni halua, ndo hao mwataka kuwatafsiri neno kwa neno. Na huyo agenti, kama ameshakuomba pesa kabla hujaona mkataba, mimi ningeuliza maswali mengine kuliko ya sweetbread.

Nakodisha nyumba, kisima changu kina maji matamu. Niandike sweet water kwenye tangazo? (Mtwapa)

Andika fresh water. Sweet water yapo kwenye Kiingereza, ni maji yasiyo na chumvi, lakini wapangaji wengi watashangaa. Na iwe kweli basi! Mombasa hii kila landilodi maji yake matamu, ukihamia sabuni haitoi povu na birika lageuka jeupe ndani. Wapangaji, nendeni na glasi, onjeni kabla ya kutoa dipoziti.

Asumini smells sweet au sweetly? (Old Town)

Sweet.

Nimemwandikia mtalii tukutane Fort Jesus saa mbili asubuhi, amejibu "Sweet!" tu. Amekasirika? (Tudor)

Amesema poa. Nenda, na uhakikishe ulimwandikia eight si two.