Barua kwa Mwanangu: Fundi wa Ile Sauti ya Jumapili

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Nakuru. Mama yako mzima, goti lake limetulia, na mvua imeshika tangu Jumanne. Picha uliyonitumia nimeipata. Niliitazama hadi simu ikaisha chaji, nikaichomeka ukutani, nikakaa sakafuni karibu na soketi, nikaendelea kuitazama.

Umeniuliza hivi: "Baba, huku Nashville kuna duka lenye gitaa la zamani la mezani lenye pedali, na mwenye duka anamtaja Shot Jackson kwa heshima kama anayemtaja babu yake. Ni nani huyo? Na kama unamjua, mbona hukumtaja nyumbani, ilhali waimbaji wa kantri kama Jim Reeves na Don Williams tuliwajua kabla hatujajua kusoma?"

Namjua. Sikumwona hata siku moja, lakini nimefungua kazi yake kwa mikono yangu nikaona alivyofikiri, na kwetu sisi mafundi huko ndiko kujuana.

Ilikuwa 1986, hujazaliwa. Kibanda changu kilikuwa bado kule nyuma ya soko. Akaja mmisionari mmoja Mmarekani na kasha refu jeusi lililoanguka kutoka kwenye pikapu kwenye barabara ya vumbi. Alipolifungua nilidhani ni cherehani. Miguu minne ya kufunga kwa skrubu, pedali chini, na juu ubao mzito wenye nyuzi kumi, bila tundu la sauti wala kiuno cha gitaa. Shingoni, mahali ambapo magitaa mengine huwekwa vitone, palikuwa na alama za karata: kopa, uru, shupaza na pao. Ndizo hizo hizo ulizozipiga picha. Mbele palikuwa na jina, Sho-Bud.

Nikaligeuza kifudifudi juu ya gunia. Mwanangu, chini kule kulikuwa na mji mzima. Ukikanyaga pedali, fito huvuta mhimili, mhimili hugeuza kikono, kikono huvuta ufito mwembamba unaokwenda mpaka mwisho wa gitaa, na pale kuna kidole cha chuma ambacho uzi umelala juu yake. Kidole kikiinama, uzi hukaza na sauti hupanda. Ukiondoa mguu, springi hurudisha kidole mahali pake, na uzi lazima urudi pale pale ulipokuwa, si juu kidogo wala chini kidogo. Nilikaa jioni nzima nikikanyaga pedali kwa mkono na kufuata kila ufito kwa tochi. Mama yako alikuja kuniita chakula mara mbili.

Fito mbili zilikuwa zimepinda, kikono kimoja kimekatika, na springi moja haipo. Wa kumwagizia kifaa hakuwepo. Fito nilizinyoosha kwenye jiliwa katikati ya vibao viwili, polepole, nikizibiringisha juu ya kioo kuona kama bado zinacheza. Kikono nilikikata kutoka kwenye kipande kinene cha aluminiamu nikakipiga tupa siku mbili. Springi niliitoa kwenye kabureta ya Peugeot 404 iliyokuwa imekufa kwa jirani. Ilikuwa ngumu mno, ikabidi niikate mapindo matatu.

Yule bwana aliporudi alikaa kwenye kiti changu, akavaa kucha za chuma vidoleni, akashika kipande cha chuma cha mviringo mkono wa kushoto. Hicho ndicho kinachotelezeshwa juu ya nyuzi, bila kuzibana kwenye shingo kama tunavyofanya sisi. Wewe uliimba kwaya, kwa hiyo nitakueleza kwa doremi. Alipiga do, mi, so. Kisha, nyuzi bado zinalia, akakanyaga pedali mbili kwa mguu mmoja. So ikapanda ikawa la, mi ikapanda ikawa fa, na do ikabaki palepale imetulia. Hapakuwa na kuruka kutoka sauti hadi sauti. Ilipanda kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kulia.

Niliketi juu ya ndoo. Sauti hiyo nilikuwa nimeisikia tangu utotoni kila Jumapili, redioni kwa babu yako, baada ya kanisa, na sikuwahi kujua inatoka kwenye kitu gani. Nilikuwa nikidhani ni mwanamke anaimba mbali na maikrofoni.

Kwa Jim Reeves, nikwambie kweli, huisikii sana. Katika zile nyimbo zake za upole zinazopendwa zaidi kwetu, watayarishaji wa Nashville waliisogeza pembeni wakaweka piano na fidla nyingi. Msikilize Don Williams wa miaka ya 1970 ndipo utaipata. Rekodi zake nyingi za mwanzo zilipigwa na Lloyd Green, na Lloyd Green kwa miaka mingi alikalia Sho-Bud. Kwa hiyo ile sauti uliyokulia ukiisikia ukisaidia kumenya viazi ilitoka kwenye chombo cha Shot. Umemfahamu maisha yako yote.

Sasa mtu mwenyewe. Alizaliwa Wilmington, North Carolina, Septemba 1920, jina lake Harold. Shot ni kifupi cha jina la utani, Buckshot, maana yake risasi za kuwindia. Alipiga gitaa la kutelezesha kabla halijawa na pedali, na pia dobro, lile la mbao lenye sahani ya chuma tumboni. Alipiga na kundi la Bailes Brothers, kisha na lile la Johnnie na Jack. Kupitia kwao ndiye aliyeketi studioni Mei 1952 Kitty Wells, mke wa Johnnie, aliporekodi "It Wasn't God Who Made Honky Tonk Angels", wimbo uliomfanya mwimbaji wa kwanza wa kike, akiimba peke yake, kushika nambari moja kwenye orodha ya kantri ya jarida la Billboard. Utafute usikilize. Lile gitaa linalomjibu kila akimaliza mstari ni mkono wa Shot. Halimkatizi hata mara moja. Mimi humpenda zaidi hapo kuliko mahali pengine popote.

Wakati ule pedali zilikuwa jambo geni. Mwaka 1954 Bud Isaacs alisikika katika wimbo wa Webb Pierce akikanyaga pedali huku nyuzi zikilia, na kila mpigaji Marekani akataka gitaa lake lifanye vile. Lakini magitaa ya pedali yalikuwa machache, na aliyetengeneza mazuri, Paul Bigsby, alikuwa California, akiyatengeneza moja moja kwa oda. Watu wangefanya nini? Walileta magitaa yao kwa Shot. Alikuwa na gereji nyumbani, na alikuwa na ule ugonjwa ambao ninao mimi pia, wa kutoweza kuona kitu kibovu ukakiacha. Alikuwa akiyafungua, akiyaongezea pedali na fito, akiyafunga tena.

Mwaka 1955 kijana mmoja mzaliwa wa Indiana alifika Nashville kupiga na mwimbaji Little Jimmy Dickens. Jina lake Buddy Emmons, miaka 18, na kwa maoni yangu hajazaliwa mpigaji wa kumpita. Ndiye aliyeigawa kazi ya ile pedali moja ya Isaacs ikawa pedali mbili, so kwenda la upande huu, mi kwenda fa upande ule, na leo karibu kila mpigaji wa mtindo wa Nashville hukanyaga hivyo. Yeye na Shot waliungana kwenye ile gereji. Sho ya Shot, Bud ya Buddy. Mmoja ana sauti kichwani ambayo chombo cha kuitoa hakipo, mwingine ana tupa na jiliwa. Nikifikiria jioni zao mle ndani, natamani ningekuwa yule anayefagia vumbi la mbao.

Buddy aliondoka 1963 akaanzisha kampuni yake. Shot alibaki na jina, wanawe wakaingia kazini naye. Katikati ya hayo aliendelea kupiga na mwimbaji Roy Acuff, na Julai 1965 gari lao lilipata ajali mbaya Tennessee. Wote wawili waliumia vibaya. Mtu aliyevunjika kiasi kile angeweza kuacha. Alirudi kwenye benchi.

Duka lao lilikuja kuwa Broadway, nambari 416, na hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu unaishi huko. Nyuma ya jengo hilo kuna kichochoro, na ng'ambo ya kichochoro ni ukumbi wa Ryman, ambako Grand Ole Opry, lile onyesho la redio la muziki wa kantri, ilifanyiwa hadi Machi 1974. Unaona maana yake? Mpigaji ufito ukimkatikia Jumamosi jioni, fundi yuko hatua chache kutoka mlango wa nyuma. Leo mahali hapo panaitwa Robert's Western World, watu wanakula na kucheza. Uliniambia uliwahi kupita na wenzako wa wodini mkasikia bendi. Mlikuwa mmesimama karakanani kwake.

Mwishoni kampuni iliuzwa, na Shot akarudi alikoanzia, kutengeneza vyombo vya watu. Alifariki Januari 1991, akiwa na miaka 70. Mimi nilipata habari baada ya miaka, kwa barua ya yule mmisionari, mistari miwili tu chini ya salamu. Nilifunga kibanda mapema siku ile. Mama yako aliuliza nani amekufa, nikashindwa kumweleza ni nani kwetu.

Basi hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Sikumtaja kwa sababu jina lake halikuwa kwenye majalada ya kanda tulizokuwa nazo, na nilipojaribu kumweleza mtu, macho yake yalinipita. Ni rahisi kumwonyesha mtoto picha ya mwimbaji. Mtu aliyehakikisha kwamba uzi unarudi mahali pake sikujua nianzie wapi kumweleza. Ningejaribu hata hivyo. Ulikuwa ukikaa kibandani nami kila likizo ukichambua skrubu kwa ukubwa, ungenielewa.

Kuhusu hilo gitaa la dukani, usilipe kitu kwanza. Muombe mwenyewe aligeuze, utazame chini. Kama fito zimenyooka na hakuna kutu kwenye mhimili, vizuri. Kisha liwekwe kwa miguu yake, akanyage pedali moja mara ishirini huku akipiga uzi ule ule, nawe sikiliza. Sauti ikirudi palepale kila mara, nipigie. Ikirudi chini kidogo, nipigie pia, maana hiyo ni kazi ya tupa na siku moja ya utulivu, naweza kukuelekeza kwa video. Vya kuvunjika ni vile vikono vidogo. Vihesabu, unitumie picha ya kila kimoja.

Jambo la mwisho. Ile springi iliyopotea mwaka 1986 ilionekana. Mmisionari aliikuta kwenye pembe ya pikapu wiki tatu baadaye akaniletea, akasema gitaa limeshazoea ile ya Peugeot, hii nikae nayo. Imekuwa ndani ya mkebe wa kakao, juu ya rafu ya gundi, tangu siku hiyo. Shangazi yako anasafiri kuja huko tarehe 14, nimempa imefungwa kwenye kitambaa ndani ya kibweta cha miwani. Mwambie akupe wewe mwenyewe mkononi.

Wako akupendaye,
Baba