Maswali ya Wasomaji: Daftari la Tuzo za Denzel Washington

SWALI: Ndugu Mhariri, nimezifuatilia filamu za mwigizaji wa Marekani Denzel Washington kwa miaka mingi, na ninalo daftari ambamo huandika kila filamu yake niliyoitazama pamoja na tuzo iliyompatia. Shida yangu ni kwamba hesabu hazikubaliani. Mahali pamoja nimesoma kuwa Oscar ya Training Day aliipata mwaka 2001, kwingine wanasema ni 2002. Wapo wanaoandika kuwa ameteuliwa kuwania Oscar mara 9, na wapo wanaosema ni mara 10. Kuhusu tuzo za Golden Globe, rafiki yangu anashikilia kuwa anazo 3 na mimi nahesabu 2, na tumebishana mpaka tumenuniana. Nani anasema kweli, na daftari langu nilipange vipi?

JIBU: Ndugu msomaji, wewe na rafiki yako nyote mnasema kweli, ila kila mmoja anahesabu kitu chake, na kwa kuwa mmefikia kununiana, nitajibu kwa urefu kidogo.

Tuanze na miaka. Tuzo za Oscar hutolewa mwanzoni mwa mwaka kwa filamu zilizooneshwa katika mwaka uliotangulia. Training Day ilianza kuoneshwa Oktoba 2001, na sherehe ya tuzo ikafanyika tarehe 24 Machi 2002. Kwa hiyo anayeandika 2001 anataja mwaka wa filamu, na anayeandika 2002 anataja usiku ambao sanamu ilikabidhiwa. Hali ni hiyo hiyo kwa Glory, filamu ya mwaka 1989 iliyompa Oscar yake ya kwanza, ya mwigizaji msaidizi, mwezi Machi 1990. Chagua utaratibu mmoja na uushike kuanzia ukurasa wa kwanza, kwa sababu ukichanganya taarifa za huku na huku utajikuta umeandika Oscar 4 mahali ambapo zipo 2 tu.

Sasa uteuzi. Kama mwigizaji, Washington ameteuliwa mara 9: kwa Cry Freedom (1987), Glory (1989), Malcolm X (1992), The Hurricane (1999), Training Day (2001), Flight (2012), Fences (2016), Roman J. Israel, Esq. (2017) na The Tragedy of Macbeth (2021). Uteuzi wa 10 ulitokana na Fences hiyo hiyo, lakini hapo alikuwa mmoja wa watayarishaji wake, na tuzo ya filamu bora hupewa watayarishaji. Anayesema 9 anamzungumzia mwigizaji. Anayesema 10 anamzungumzia mtu mzima na kazi zake zote.

Golden Globe nazo zina fumbo lake. Alishindana na wenzake akashinda mara 2, kwa Glory na kwa The Hurricane. Ya tatu ambayo rafiki yako anaihesabu ni tuzo ya Cecil B. DeMille aliyopewa mwaka 2016, nayo ni ya heshima: hutolewa kwa kazi ya maisha, na siku hiyo hakuna mwingine anayeketi ukumbini akiisubiri. Kundi hilo hilo lina tuzo ya kazi ya maisha ya Taasisi ya Filamu ya Marekani ya mwaka 2019 na Palme d'Or ya heshima aliyokabidhiwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwezi Mei 2025. Ningezipa tuzo hizi ukurasa wa peke yake, si kwa kuzidharau, bali kwa sababu tuzo ya ushindani na tuzo ya heshima zinajibu maswali mawili tofauti.

Ninakuomba uongeze safu mbili ambazo wafuatiliaji wengi huzisahau: moja ya aina ya nafasi, na nyingine ya jina la aliyeshinda pale mtu wako aliposhindwa. Aina ya nafasi ina maana kubwa. Katika Cry Freedom yeye ni Steve Biko, mwanaharakati aliyefia mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini mwaka 1977, na mtazamaji angedhani kwamba huyo ndiye mhusika mkuu. Lakini hadithi inamfuata zaidi mwandishi wa habari Donald Woods, aliyeigizwa na Kevin Kline, ndiyo maana Washington akawekwa upande wa waigizaji wasaidizi.

Katika Glory, filamu ya askari weusi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, pia nafasi kuu ni ya kamanda, aliyeigizwa na Matthew Broderick. Lakini hebu itazame tena sehemu ile ya viboko. Askari Trip, ambaye ndiye Washington, ametoka kambini bila ruhusa, nasi baadaye tunajua kwamba alikwenda kutafuta viatu. Anavuliwa shati mbele ya wenzake, na mgongo wake una makovu ya viboko vya zamani, vya utumwani. Anachapwa, halii, hainamishi kichwa. Anamkazia macho kamanda wake, na chozi moja linateremka polepole shavuni. Hakuna neno analolisema. Kwa maoni yangu Oscar ile ilipatikana papo hapo, na mtu akikuambia kuwa tuzo ya mwigizaji msaidizi ni tuzo ndogo, mwoneshe kipande hicho kabla hujamjibu.

SWALI: Ndugu Mhariri, mpaka leo sijaridhika na yaliyotokea mwaka 1993. Malcolm X ni kazi kubwa kuliko zote za Denzel, na bado tuzo ikaenda kwa Al Pacino. Kura za Oscar hupigwa vipi, na Denzel alizidiwa kwa kura ngapi?

JIBU: Ndugu yangu, kwa kura ngapi hatutaambiwa. Hesabu hufanywa na wakaguzi wa PricewaterhouseCoopers, jina la mshindi hutiwa kwenye bahasha, na idadi ya kura haitangazwi. Hakuna ajuaye nani alikuwa wa pili usiku ule, na yeyote anayedai kuwa alizidiwa kidogo tu anabahatisha.

Utaratibu wenyewe una hatua mbili. Akademi ya Sanaa na Sayansi za Filamu ya Marekani ina matawi ya kitaaluma, na tawi la waigizaji ndilo linalowachagua wateule 5 katika kila tuzo ya uigizaji. Hatua ya pili inawahusisha wanachama wote wa Akademi, wakiwemo wapiga picha, watunzi wa muziki na wahariri wa filamu, na anayepata kura nyingi kuliko wengine hushinda hata kama hakufikia nusu. Kura zikigawanyika sana kati ya watu 5, mtu anaweza kushinda kwa zaidi kidogo tu ya kura moja katika kila tano. Kwa hiyo kuteuliwa ni hukumu ya waigizaji wenzako wanaoijua kazi yako kwa ndani, na kushinda ni hukumu ya umati mpana zaidi. Mimi binafsi naupa uteuzi uzito mkubwa kuliko wanavyoupa magazeti.

Mwaka ule walioteuliwa pamoja naye walikuwa Pacino kwa Scent of a Woman, Clint Eastwood, Robert Downey Jr. na Stephen Rea. Pacino alikuwa ameteuliwa mara 6 katika miaka ya nyuma bila kuondoka na kitu, na ni vigumu kuamini kwamba wapiga kura waliisahau historia hiyo walipoishika kalamu. Sisemi kwamba hakustahili. Nasema kwamba kura haipigiwi filamu moja iliyokatwa na yote yaliyotangulia.

Ninakubaliana nawe kuhusu uzito wa kazi yenyewe. Filamu hiyo ya mwongozaji Spike Lee, kuhusu mwanaharakati mweusi wa Marekani Malcolm X, ina urefu wa zaidi ya saa 3, na Washington anabeba ndani yake watu watatu au wanne: kijana anayevumilia dawa ya kunyoosha nywele inayomuunguza kichwa, mfungwa, mhubiri mwenye hasira, kisha mtu aliyerudi kutoka Hija akiwa na sauti iliyotulia. Zaidi ya miaka 10 kabla ya hapo alikuwa amekwisha kumwigiza Malcolm X jukwaani, kwa hiyo mtu huyu hakuwa mgeni kwake. Mtazame karibu na mwisho, anapoelekea kwenye ukumbi wa Audubon, alikouawa: kamera imefungwa kwa namna inayomfanya aonekane hatembei bali anabebwa, na uso wake ni wa mtu anayejua anakokwenda. Na tafadhali liandike daftarini jambo hili, maana wengi hawalijui: tamasha la filamu la Berlin la mwaka huo huo wa 1993 lilimpa Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora kwa filamu hiyo, na likampa tena mwaka 2000 kwa The Hurricane. Hakuwa amekosa kila kitu.

SWALI: Mwanangu Mhariri, mjukuu wangu ana miaka 13 na amewasikia wenzake wakimsifu Denzel Washington kwa sababu ya The Equalizer. Anataka kutazama filamu zake zote. Nimwanzishie wapi?

JIBU: Shikamoo mama. The Equalizer na Training Day zisubiri, kwani zina umwagaji damu na lugha chafu. Mwanzishie Remember the Titans ya mwaka 2000, ambamo anaigiza kocha Herman Boone, aliyepewa timu ya shule huko Virginia mwaka 1971, wakati wavulana weusi na weupe walipolazimika kucheza pamoja. Kisha mpe The Great Debaters ya mwaka 2007, aliyoiongoza mwenyewe huku akiigiza mwalimu Melvin Tolson wa Chuo cha Wiley, Texas. Akimaliza, mwambie kwamba mdahalo wa mwisho umebadilishwa: kwenye filamu wanapambana na Harvard, lakini mwaka 1935 wanafunzi wa Wiley walikutana na Chuo Kikuu cha Southern California. Hakuna hata moja kati ya hizi mbili iliyompa uteuzi wa Oscar, na bado ningezitazama nikiwa na mtoto kabla ya nyingine zote.

SWALI: Mhariri, mimi hufuatilia tuzo zote za msimu ili nijue mapema nani atapata Oscar. Je, aliyeshinda tuzo ya chama cha waigizaji, SAG, si tayari ameshinda? Na baada ya Oscar zake 2, ni nafasi gani ya Denzel ambayo ilikosa tuzo hiyo lakini wewe ungeichagua?

JIBU: Ndugu msomaji, tuzo za SAG, zilizoanza kutolewa mwaka 1995, huashiria mara nyingi, lakini Washington mwenyewe ni ushahidi kwamba ishara si ahadi. Mwanzoni mwa 2002 Russell Crowe alikuwa amekusanya Golden Globe, SAG na Bafta, tuzo ya filamu ya Uingereza, kwa A Beautiful Mind, na ilipofika Machi, Oscar ikaenda kwa Washington. Mwaka 2017 mambo yakageuka: yeye ndiye aliyeshinda SAG kwa Fences, na Oscar ikachukuliwa na Casey Affleck. Filamu hiyo ilitokana na tamthilia ya August Wilson, ambayo Washington na Viola Davis walikuwa wameiigiza jukwaani, na wote wawili wakapata tuzo za Tony, za michezo ya jukwaani ya Marekani, mwaka 2010. Davis aliondoka na Oscar yake usiku ule wa 2017. Mwenzake, aliyekuwa ameiongoza filamu yenyewe, akarudi mikono mitupu.

Ule usiku wa 2002 nao una jambo ambalo halimo kwenye orodha yoyote ya washindi. Sidney Poitier, mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, aliyoipokea mwaka 1964, alipewa tuzo ya heshima usiku huo huo, na Washington ndiye aliyemkabidhi. Baadaye, miaka 38 baada ya ushindi wa Poitier, Washington akaitwa kuwa mtu mweusi wa pili kuipata tuzo hiyo. Akainua sanamu yake kuelekea juu alikoketi mzee, na mzee akasimama akainua ya kwake. Muda mfupi kabla ya ushindi huo, Halle Berry alikuwa amekuwa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike.

Kuhusu nafasi ambayo ningeichagua, ni Whip Whitaker katika Flight, rubani mlevi aliyeokoa maisha ya watu wengi ndani ya ndege. Mwaka 2013 Oscar ilikwenda kwa Daniel Day-Lewis kwa Lincoln, na sina ugomvi na hilo. Lakini kuna usiku mmoja hotelini, kabla ya siku ya kuhojiwa, ambapo rubani huyu amekaa siku kadhaa bila kunywa, na anakuta mlango wa chumba cha jirani uko wazi na friji imejaa pombe. Anachukua kichupa kimoja, anakifungua, anakinusa, kisha anakiweka juu ya friji na kuondoka. Kamera haimfuati. Inabaki pale pale ikikitazama kile kichupa, sekunde baada ya sekunde, mpaka unaanza kupumua, na ndipo mkono unapopita kwa kasi na kukinyakua.