Kabla ya Kuchagua Ryokan Kyoto, Jiulize Utafika Saa Ngapi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tanga aliniandikia akiniomba nimtajie ryokan nzuri ya kulala yeye na mkewe mjini Kyoto. Wana siku tatu tu, na katika orodha aliyonitumia mlikuwa na mahekalu tisa, soko la Nishiki, msitu wa mianzi wa Arashiyama na matembezi ya usiku mtaani Gion. Nilipoisoma nilijiona mwenyewe miaka sita iliyopita, nikiwa na orodha kama hiyo mfukoni, na ile fedheha ya usiku ule ikanirudia kama ya jana. Namjibu hapa ili na wengine wenye nia ya safari hiyo wasome.

Ryokan ni nyumba ya wageni ya Kijapani ya namna ya zamani. Chumba hutandikwa tatami, yaani mikeka minene inayofunikwa kwa majani ya igusa yaliyofumwa. Viatu huvuliwa mlangoni. Godoro la futoni hutandikwa sakafuni jioni na kukunjwa asubuhi. Bei kwa kawaida huhesabiwa kwa kichwa wala si kwa chumba, mara nyingi pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi, kwa hiyo mke na mume wasishangae kuona hesabu imezidishwa mara mbili. Nyingi ziko milimani, penye chemchemi za maji moto, ambako mgeni akishafika hana haja ya kwenda popote. Lakini Kyoto, uliokuwa mji wa wafalme wa Japani kwa zaidi ya miaka elfu moja kuanzia 794, una za mjini kabisa. Hiiragiya, iliyoanza 1818, inatazamana na Tawaraya, ambayo ni kongwe zaidi, na zote mbili ziko karibu na maduka na vituo vya treni. Ugumu unaanzia hapo, kwa sababu jiji linakuita nje tangu alfajiri hadi usiku, ilhali nyumba inakutaka uwe umerudi, umeoga na umetulia kabla jua halijazama.

Mimi hilo sikulijua. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya wiki nne Osaka, mwendo wa nusu saa tu kwa treni ya haraka, nikajibana kwa chakula mwezi mzima ili nilipie usiku mmoja katika ryokan ndogo ya familia. Nililipa yen 28,000. Siku hiyo nilipanda mlima wa hekalu la Fushimi Inari hadi kileleni, nikavuka mji kwenda Arashiyama, nikafika hekalu la Kinkaku-ji nikakuta lango limeshafungwa, kisha nikakwama ndani ya basi lililojaa hadi mlangoni. Chakula changu kilipangwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Nilifika saa tatu kasoro dakika kumi usiku, na sikuwa nimepiga simu hata mara moja.

Mama mwenye nyumba, ambaye Wajapani humwita okami, alikuwa amepiga magoti ukumbini akinisubiri. Akainama, akaniomba radhi yeye, ilhali aliyechelewa nilikuwa mimi: mpishi ameshaondoka. Kwa kutahayari nikaharakisha kuingia chumbani huku nikiburuta sanduku langu la magurudumu juu ya tatami. Alinifuata kimya akiwa na kitambaa kibichi. Akalilaza sanduku, akayafuta magurudumu moja baada ya jingine, kisha akapitisha kitambaa juu ya mistari miwili ya vumbi niliyoiacha, akifuata mfumo wa majani, taratibu, hadi mistari ikatoweka. Nimelelewa katika nyumba ambayo mtu hakanyagi mkeka kwa viatu, hata awe mgeni wa namna gani. Nilielewa kabisa alichokuwa akikifanya, na hapakuwa na haja ya mkalimani.

Baadaye aliniletea matonge mawili ya wali yaliyofungwa kwa mwani, vipande vya figili ya kuchachushwa na birika la chai. Nilikula peke yangu. Mlo niliokuwa nimeulipia ni ule uitwao kaiseki, vyakula vidogo vidogo vinavyoletwa kwa zamu, samaki mbichi, mchuzi mwepesi, cha kuchoma, cha kuchemsha, kila kimoja kwenye chombo chake kilichochaguliwa kulingana na majira. Mtu alikuwa ameupika kwa ajili yangu, kwa jina langu, akaungoja hadi ukaharibika.

Kuna jambo jingine ambalo bado linanichoma. Kabla ya kupata nyumba ile, ryokan nyingine ilinikatalia kwa sentensi moja tu baada ya kuwaambia kwamba mimi ni Mwislamu, situmii nguruwe wala pombe. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba wamenibagua, na jibu lao, hata leo nikilisoma, naliona kavu. Hata hivyo haki itendeke: niliwaandikia siku mbili kabla ya kufika. Katika mapishi yao sake, yaani pombe ya mchele, na mirin, ambayo ni mvinyo mtamu wa mchele, hutiwa ndani ya michuzi mingi tangu mwanzo, na mpishi wa nyumba yenye vyumba sita hawezi kuanza upya kwa ajili ya mtu mmoja aliyekumbuka dini yake siku za mwisho. Mgeni mwenye masharti ya chakula aandike wiki tatu au nne kabla, na aseme waziwazi anachokula, si anachokikataa pekee.

Mwezi uliopita nilirudi Kyoto na mke wangu, na safari hii nasema kwa fahari kwamba tuliikaa ryokan inavyotakiwa kukaliwa. Niliwaandikia mwezi mmoja kabla. Walikubali kutupikia samaki wa kuchoma kwa chumvi, mboga na wali, bila sake wala mirin. Niliuliza pia habari ya hodhi, kwa kuwa bafu la pamoja huingiwa uchi, wanaume upande wao na wanawake upande wao, jambo ambalo sisi hatuliwezi. Wakatupangia saa yetu katika bafu dogo la kufunga kwa ndani. Unaketi kwenye kigoda, unajisugua na kujisuuza sabuni yote iishe, ndipo unapoingia kwenye maji ya moto. Na ukitoka usiyamwage, kwa maana wengine watayatumia baada yako.

Tulifika saa tisa na nusu alasiri. Nilivaa yukata, lile vazi jepesi wanalompa mgeni, nikatoka nalo ukumbini. Mhudumu wa makamo akanisimamisha, akaomba ruhusa kwa ishara, akafungua pindo na kulipanga upya, la kushoto likaja juu ya la kulia. Nilikuwa nimelivaa kinyume, jinsi wanavyovikwa maiti wao. Mke wangu alishtuka kama mtu aliyeniona ndani ya sanda. Ndugu zangu, shikeni hili hata kama mengine mtayasahau: kushoto juu ya kulia.

Wenye tamaa ya kuona kila kitu, naomba mnisikilize. Usiku wa ryokan usiwekwe siku ya matembezi makubwa. Lala hotelini siku mbili, maliza mahekalu yako, na siku ya tatu usipange chochote baada ya adhuhuri. Anayeilipa ryokan kisha akashinda nje amenunua godoro la sakafuni kwa bei ya karamu, na amewaweka watu wa nyumba kizingitini bila sababu. Tuache tabia ya kudhani kwamba tukishalipa hatudaiwi adabu.

Basi, ndugu yangu wa Tanga, jina la nyumba nitakutumia, lakini kwanza futa mahekalu manne katika ile orodha. Kisha waandikie mambo matatu: mtafika saa ngapi, mnakula nini, na kama mnaweza kupata bafu la kufunga kwa ndani. Treni ikichelewa hata nusu saa, pigeni simu mkiwa njiani.